Magunia ya Taa ya Kijani

2 Machi

"Kuanzia sasa hivi vifaa hivi si vyako mpaka mvua iishe," ameniambia Bi Kifungu alipomaliza kubandika lakiri ya thelathini kwenye kifaa cha mwisho. Nikacheka nikidhani ni utani. Hakuwa na utani wowote. Akanipa karatasi nitie sahihi, akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Ni afisa wa Mfuko wa Utafiti. Hilo jina la Bi Kifungu nimempa mwenyewe, kwa sababu hawezi kuomba hata maji ya kunywa bila kutaja kifungu cha mkataba. Cha tisa: mbunifu atakaa eneo la majaribio msimu mzima. Cha kumi: atasoma taa kila asubuhi saa mbili, ataandika, hatagusa. Cha kumi na moja: muundo umefungwa, yaani kinachojaribiwa ni kile kilichoelezwa kwenye andiko la maombi, na hata skrubu haibadilishwi. Nimekubali vyote. Mtu aliyezungushwa miaka sita hawi mbishi siku ya kupewa.

Miaka sita nimebeba wazo hili mlango kwa mlango. Benki waliuliza nina nyumba gani ya kuweka rehani. Wafanyabiashara waliuliza nimeshauza vingapi. Mfuko peke yao ndio walioniuliza kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Ruzuku yao ya kwanza ndiyo iliyonunua vihisi, ikamwajiri fundi wangu, ikatupa chumba chenye meza mbili na feni mbovu. Msimu huu ukienda vizuri, inakuja awamu ya pili: Mfuko watalipia nusu ya mitambo, Mwenye Kiwanda aliyekubali kuvitengeneza atalipia nusu, na vifaa elfu kumi vitaingia sokoni.

Kifaa chenyewe ni kijumba cha plastiki chenye mkia wa chuma. Mkia unachomekwa ndani ya gunia la mahindi, kijumba kinabaki nje. Taa ya kijani, mahindi makavu, kula. Taa nyekundu, yana unyevu, yatolewe yakaushwe kabla kuvu haijaingia. Kuvu hiyo ina sumu isiyoonekana wala kuonjeka, inakaa kwenye ini la mtu miaka, halafu siku moja anaanza kukonda. Mama yangu alikonda hivyo. Kwenye andiko la maombi sikuliandika hilo.

Ghala hili linatunza mahindi ya kaya sitini. Mtunza ghala ni mama mdogo wangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la nne. Magunia thelathini yana vifaa vyangu, na mengine thelathini atayaamua yeye kwa njia yake: anachukua punje, anaing'ata kwa gego la kulia, anasikiliza. Ikilia kah, imekauka. Ikinyamaza, ina maji. Ameapa mbele ya Bi Kifungu kwamba magunia yangu hatayatia jino. Mwisho wa msimu maabara ya Mfuko itapima yote, tuone nani mshindi, mashine au gego.

"Nikikushinda usinune," ameniambia.

3 Machi

Kijani thelathini. Hakuna mvua.

5 Machi

Alhamisi. Hapa hakuna mtandao, kwa hiyo kila Alhamisi nitashuka mjini kutuma takwimu na kurudi jioni. Mwenye Kiwanda amepiga simu kabla sijaagiza chai. Ananiita Profesa ingawa nimemwambia mara kumi kwamba mimi si profesa. "Profesa, nimeshachonga kalibu za kumiminia plastiki! Wewe niletee karatasi ya Mfuko tu!" Ana sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosa usingizi. Nampenda. Ananifanya nijione nimeshafika.

9 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, na mpaka naandika hivi, saa kumi na moja jioni, haijapumzika hata kujikohoza. Bati linapiga kelele mpaka mimi na Mama Mdogo tunaongea kwa mikono. Kijani thelathini.

10 Machi

Kijani thelathini.

14 Machi

Kijani thelathini. Chumba changu kimeegemea ukuta wa ghala na kina dirisha moja, nalo halitazami nje, linatazama magunia. Nikiamka naona taa zangu. Nikila naona taa zangu. Mama Mdogo anasema nimekuwa mlinzi wa duka la dhahabu.

17 Machi

Leo ameng'ata magunia yake yote thelathini. Manne yamenyamaza, akayatoa akayatandaza kwenye uchanja nyuma ya ghala, chini ya bati, penye moto mdogo wa magunzi. Yangu: kijani thelathini.

"Gego limekupiga chini, Mama Mdogo," nimemtania.

"Msimu haujaisha, baba," amesema, akaendelea kugeuza mahindi.

Nimelala mchana nikiwa na furaha ya kitoto.

24 Machi

Kwake yametolewa manane. Kwangu kijani thelathini.

31 Machi

Kwake kumi na mawili. Kwangu kijani thelathini.

Mwanzoni nilifurahi. Leo nimekaa kitandani na daftari magotini nikajiuliza swali ambalo mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha angeniuliza. Kijiji ni kimoja, mavuno ni ya msimu mmoja, bati ni hilo hilo moja, na magunia yangu yamechanganyika na yake safu kwa safu. Kwake kumi na mawili yamelowa. Kwangu, sifuri. Mashine yangu haikaushi mahindi, inapima tu. Hakuna mashine nzuri kiasi hicho.

Nimefunga daftari nikaenda kumsaidia kuchota maji.

2 Aprili

Kutoka mjini nimemtumia Bi Waya ujumbe aje na kifaa cha akiba, namba thelathini na moja, kile ambacho hakina lakiri. Bi Waya ndiye fundi wangu. Anaunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele bila miwani, na anavaa kucha zilizopakwa rangi kila siku ya Mungu, hata siku ya kulehemu. Kusema kweli nimekuwa nikimchukulia kama mkono wangu wa tatu, mkono mzuri, lakini mkono.

6 Aprili

Kijani thelathini. Mvua.

8 Aprili

Kijani thelathini. Daraja la chini limefunikwa, magari yamerudi.

11 Aprili

Bi Waya amefika saa tano, suruali imekunjwa magotini, viatu mkononi. Amemsalimia Mama Mdogo, amekunywa uji kikombe kimoja, akaingia chumbani kwangu na kufungua kifaa namba thelathini na moja juu ya meza. Ametazama kibao cha saketi muda mrefu. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa:

"Bosi, rangi yangu iko wapi?"

Nilijua mara moja anachosema.

Nieleze, maana hapa siandikii Mfuko. Mwaka juzi vifaa vyetu kumi vya kwanza vilikuwa vinakufa kila ukungu wa asubuhi ukishuka. Unyevu wa hewani ulikuwa unatua kwenye kibao na kukichanganya akili, kikawa kinaona kila kitu kikavu. Tuliagiza dawa ya kukinga, ikachelewa bandarini. Siku moja Bi Waya alichomoa chupa kwenye mkoba wake, akapaka kila kibao rangi ya kucha, tabaka mbili, nyekundu iliyoiva. Havikudanganya tena hata siku moja. Ni hivyo vifaa kumi, vyenye rangi ya kucha, vilivyotupatia ruzuku ya majaribio haya.

Lakini nilipokuwa naandika andiko la maombi nilifika kwenye ule mstari nikaona aibu. Niliwawazia wale wazee wa kamati na miwani yao, wanasoma "rangi ya kucha", wanatazamana. Nikaufuta. Nikasema tutaweka kinga ya kisasa baadaye. Andiko likapita, muundo ukafungwa kama ulivyoandikwa, Mwenye Kiwanda akatengeneza vibao thelathini na kimoja kwa kufuata maandishi, neno kwa neno. Vitupu, vikafungwa ndani ya vijumba kabla Bi Waya hajaviona.

"Nilidhani watatucheka," nimemwambia.

"Watatucheka?" Amerudia. "Au watanicheka mimi?"

"Bi Waya..."

"Miaka miwili nasubiri kuona mahali palipoandikwa kwamba lile lilikuwa wazo langu. Sikuuliza, nikasema bosi anajua anachofanya. Kumbe halimo kabisa." Amegeuza kibao mkononi. "Hizo taa za nje zinasema uongo. Unajua, sivyo?"

"Najua."

"Na watu wanakuja kuchota humo."

"Najua."

"Basi mwambie mama yako mdogo. Sasa hivi, yuko hapo nje."

Ndipo nikaanza kuongea, na nikiandika sasa naisikia sauti yangu na kuona haya. Nikamwambia tukisema leo jaribio limekufa. Nikamwambia wataona tuliwaonyesha kifaa kimoja na kuwaandikia kingine, na hilo wana jina lake, nalo si zuri. Nikamwambia mshahara wake na wangu unatoka kwenye chungu kimoja. Nikamwambia asubiri msimu uishe, wiki sita tu, nitatafuta njia.

Hakupiga kelele. Amevaa viatu vyake vilivyolowa, amemuaga Mama Mdogo kwa heshima zote, akaondoka na lori la mwisho kabla maji hayajapanda tena. Mlangoni ameniambia: "Nitanyamaza kwa sababu nina watoto wawili. Wewe unanyamaza kwa sababu gani, sijui."

12 Aprili

Kijani thelathini. Nimeandika kwenye fomu: kijani thelathini.

13 Aprili

Nimeandika: kijani thelathini.

16 Aprili

Nimempigia Mwenye Kiwanda kutoka mjini, nikamweleza kila kitu. Amecheka mpaka akakohoa. "Rangi ya kucha! Profesa, wewe ni hatari!" Halafu sauti ikapoa. "Sikiliza. Usiguse kitu. Maliza msimu, chukua karatasi, tutaweka kinga kiwandani. Hayo magunia yakiharibika nitawanunulia watu mahindi mapya, gunia kwa gunia, na soda juu."

"Watakuwa wameshakula."

"Watu wamekula mahindi yenye kuvu tangu zamani, Profesa. Wewe mwenyewe umekula, mbona uko hai?"

Nilitaka kumwambia juu ya mama. Nikasema, "Sawa." Nikakata simu nikabaki nimesimama chini ya bati la duka la vocha mpaka mwenye duka akaniuliza nina shida gani.

18 Aprili

Mkunga amekuja leo kuchota. Gunia namba kumi na moja ni lake, moja ya yale yenye vifaa vyangu. Alikuja na beseni na mkwe wake aliyejifungua juzi juzi, mtoto amebebwa mgongoni, kichwa tu kinaonekana. Mama Mdogo alitazama taa. Kijani. Akatazama upande wangu.

Ndiyo, alinitazama. Nilikuwa nimesimama dirishani, ndani ya chumba, mikono imeshika nondo za dirisha. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi ndefu. Alifungua mdomo wa gunia pole pole, akachukua kopo, akalifuta na kanga, akachota la kwanza, akamimina. La pili. Mkunga akawa anasimulia habari za daraja. La tatu. Mtoto akapiga chafya, wote wakacheka, wakamwombea afya. Mimi nikacheka pia. La nne. Nilihesabu makopo tisa na katika kila kopo nilisema moyoni, likifika linalofuata nitasema.

Beseni lilipojaa Mkunga alinipungia mkono. "Hongera mwanetu, mashine zako zinatupumzisha!"

Nikampungia.

Sasa nimekaa kitandani. Mvua inanyesha. Naweza kutoka, mlango uko wazi, hakuna aliyeniwekea kufuli. Naweza kutembea mpaka kwa Mkunga, ni dakika ishirini, nikasema usisage. Nimevaa viatu mara mbili na kuvivua mara mbili. Ninajichukia, na kujichukia kwenyewe kunanichosha, na nikichoka nalala. Ndiyo hali yangu.

20 Aprili

Bi Kifungu ametokea bila taarifa. Ametembea kilomita tatu kutoka darajani, matope mpaka magotini, mkoba kifuani chini ya koti. Nilikuwa nimemdharau mwanamke huyu. Nilidhani ni mtu wa kiti na muhuri. Amekagua lakiri zote thelathini kwa tochi, amekaa kwenye kigoda cha Mama Mdogo, akaomba maji, na mara hii hakutaja kifungu.

"Thelathini zote kijani tangu mwanzo," akasema akitazama fomu zangu. "Inapendeza."

"Ndiyo."

"Una lolote la kuniambia?"

Nikasema hapana.

"Kabla ya kazi hii nilikuwa mtafiti," akasema. "Nilikuwa na kifaa changu, cha kusafisha maji. Kilishindwa. Nikaficha mwezi mzima, nikijua wazi kimeshindwa. Unajua kilichonisikitisha baadaye? Kwamba hakukuwa na haja. Watu wanadhani ruzuku inalipia ushindi. Ushindi unalipiwa na soko. Ruzuku inalipia kujua. Ndiyo maana tukaweka kile kifungu cha kumi na nne."

"Cha kumi na nne," nikasema, nikitikisa kichwa kama mtu anayekumbuka.

Alipoondoka nimeutoa mkataba chini ya godoro. Nilitia sahihi kila ukurasa na sikusoma zaidi ya cha kumi na mbili. Kifungu cha kumi na nne: mbunifu akigundua kasoro ya kifaa katikati ya jaribio, akaitolea taarifa ndani ya siku saba, jaribio litasimama, kasoro itarekebishwa kwa gharama ya Mfuko, na jaribio litaanza upya bila adhabu yoyote. Baada ya siku saba, ukimya utahesabiwa kuwa udanganyifu.

Bi Waya alikuja tarehe kumi na moja. Siku saba ziliisha juzi, siku ya beseni la Mkunga.

21 Aprili

Kijani thelathini.

22 Aprili

Kijani thelathini.

23 Aprili

Alhamisi, lakini daraja limekwenda na maji lote. Nilikuwa sitaki kushuka mjini. Mama Mdogo alikuwa na wasiwasi wa ajabu leo, anaingia anatoka, ananiuliza kama kweli sitakwenda, kama siwezi kuzunguka kwa njia ya juu. "Unanichoka?" nimemuuliza. "Unahitaji hewa, baba," akasema. "Umekuwa mwembamba." Nikazunguka kwa njia ya juu, masaa matatu kwenda, ili tu nisionekane na mtu anayeijua sura yangu tangu utotoni.

27 Aprili

Mtoto wa mkwe wa Mkunga ana homa. Sumukuvu haileti homa ya siku moja, najua, nimefundisha watu hilo darasani. Hata hivyo nimetapika nyuma ya choo.

29 Aprili

Mtoto amepona. Ilikuwa mafua. Kijani thelathini.

4 Mei

Mvua imekuwa ya mchana tu. Nimeanza kuongea peke yangu. Mama Mdogo akiingia nageuza kuwa wimbo.

9 Mei

Leo nilimkalisha chini nikiwa nimepiga moyo konde. "Mama Mdogo, nina neno." Akaweka chini ungo, akaniangalia, na nikaona usoni mwake kitu ambacho sikukitegemea: alikuwa anaogopa. Mwanamke huyu alimfukuza fisi kwa mwiko. Nikadhani anaogopa kwamba nitamwambia nimeugua ugonjwa wa mama. Nikamwambia nilitaka tu kumshukuru kwa chakula. Akashusha pumzi. Nami nikashusha yangu. Tukaendelea kupeta mahindi.

13 Mei

Jua kutwa. Kijani thelathini.

19 Mei

Maabara ya Mfuko imekuja na gari lenye mashine ndani. Bi Kifungu amekata lakiri moja moja kwa mkasi. Mimi nilikaa kwenye jiwe nje ya ghala nikisubiri kusikia jina langu likiitwa kwa ile sauti wanayotumia watu kumwita mwizi.

Saa tisa alinijia na karatasi.

"Upande wa mazoea: magunia mawili yana dalili za kuvu, kidogo, chini ya kiwango. Upande wa kifaa: hakuna hata moja. Yote makavu, yote salama." Alinipa mkono. "Hongera. Nitapeleka mapendekezo ya awamu ya pili wiki hii."

Nimeshika mkono wake bila kujua nimeushika. Vifaa vile haviwezi. Nimeona kibao kwa macho yangu.

Mama Mdogo alikuwa mlangoni. Alipiga kigelegele kimoja kikubwa, halafu akaingia ndani haraka.

20 Mei

Mwenye Kiwanda amekuja mwenyewe, gari lake limekwama mara mbili na hajali. Amenikumbatia, amemkumbatia Mama Mdogo, amelikumbatia gunia.

"Sasa tutaweka kinga," nimemwambia. "Kama ulivyosema."

"Kinga ya nini? Profesa, muundo ulioshinda ndio ulioidhinishwa. Ukiongeza hata tone, Mfuko watataka msimu mwingine, nami kalibu zimeshachongwa. Vinatoka hivyo hivyo, elfu kumi, kabla ya mvua zijazo." Akanipiga bega. "Wewe una bahati mbaya moja tu. Hujui kufurahi."

21 Mei

Nimemfuata Mama Mdogo nyuma ya ghala, kwenye uchanja. Nimemuuliza waziwazi aliyafanya nini magunia yangu.

Alisugua mikono kwenye kanga.

"Wiki ya tatu," akasema. "Nilipita karibu na gunia namba sita nikasikia harufu. Taa kijani, harufu ile. Nikasema labda nimezeeka pua. Alhamisi ulipokwenda mjini nikafumua mdomo wa gunia, nikachukua punje moja tu, nikang'ata. Ikanyamaza."

"Ukang'ata yote."

"Kila Alhamisi. Yaliyolowa niliyaanika, nikarudisha, nikachomeka ule mkia wako palepale penye tundu, bila kugusa lakiri. Hayo mawili yangu yaliyopata kuvu ni kwa sababu muda wangu mwingi niliutumia kwa yako." Alifuta macho. "Niliapa, najua niliapa. Sijawahi kuvunja kiapo, baba, muulize yeyote. Lakini nilikuwa nakuona umesimama pale dirishani unavyokonda, nikasema ikishindwa mashine hii mtoto atakufa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungelazimika kuandika. Wewe huwezi kuficha kitu."

Hilo ndilo lililonimaliza. Nimelia mbele yake na yeye akadhani nalilia mashine.

Kwa hiyo Mkunga alikula mahindi salama, na mkwe wake, na kichanga kilinyonya maziwa salama. Shukrani hizo si zangu. Mimi nilihesabu makopo tisa.

22 Mei

Nimeandika barua kwa Bi Kifungu. Nimeanza saa moja asubuhi, nimemaliza saa nane. Nimeeleza kwamba vibao havina kinga, kwamba kinga hiyo ilikuwa wazo la fundi wangu na mimi niliifuta kwenye andiko, kwamba matokeo ni ya meno ya mtunza ghala, na kwamba awamu ya pili isitolewe. Nimeandika kwamba kasoro iligunduliwa "wakati wa kupitia vifaa". Nimeiangalia sentensi hiyo mara nyingi. Si uongo. Haina tarehe tu.

23 Mei

Barua bila ushahidi ni porojo, na shahidi ni mmoja. Lazima Mama Mdogo atie sahihi maelezo kwamba alivunja kiapo. Kutwa nzima nimezunguka nikitafuta namna ya kumwomba. Nimepasua kuni ambazo hazikuhitajika.

24 Mei

Nimemsomea maelezo mezani kwangu, taratibu, kwa sababu miwani yake imevunjika mkono. Alisikiliza akiwa ameegemeza kidevu kwenye kiganja.

"Nikitia sahihi hapa, mashine yako inakufa?"

"Fedha za awamu ya pili zinakufa. Mwenye Kiwanda ataondoka. Labda na Mfuko wasinitazame tena."

"Na nisipotia?"

"Zitatengenezwa elfu kumi, kama hizi."

"Ziende wapi?"

"Maghala mengine. Kila mahali."

Akawaza. Nje mtu alikuwa anaanika mahindi, yanasikika yakimwagwa juu ya turubai.

"Na huko nani atang'ata?"

Hakungoja jibu. Alivuta karatasi, akashika kalamu kwa nguvu kama anavyoshika kisu, akaandika majina yake matatu, herufi moja moja. Nilidhani amemaliza. Lakini hakuiachia karatasi. Aliinama zaidi, na chini ya sahihi akaongeza mstari ambao sikumwomba auandike. Ulichukua muda. Akapuliza wino ukauke, akanisukumia.

Ameandika: Mwanangu hakujua lolote.

Akanipapasa mkono, akainuka kwenda kugeuza mahindi, na mgongo wake ulikuwa mwepesi, mgongo wa mtu aliyemtoa mtoto wake hatarini.

Nimekaa na karatasi ile mpaka adhuhuri. Ingepita. Bi Waya amenyamaza, Mwenye Kiwanda hawezi kusema, na Bi Kifungu angeusoma mstari ule akaniamini. Kisha nimechukua kalamu yake, nikaandika chini ya maandishi yake, kwa mwandiko unaosomeka: Nilijua tangu tarehe 11 Aprili. Nikatia sahihi.